Zimwi Mlangoni

Baba yangu aliendesha mashine ya kuvunia katika mashamba ya ngano ya serikali, Hanang. Jirani yetu alikuwa fundi Myahudi kutoka ng'ambo, na binti yake alikuwa rafiki yangu. Alinifundisha mchezo wa dadu ambamo kila mmoja hujifanya mtu mwingine. Mchezoni mimi nilikuwa mchunga ng'ombe.

Siku moja, tukicheza kwao, zimwi la mchezoni lilinifukuza hadi nyumba yangu ya mchezoni. "Una kinga gani?" rafiki yangu akaniuliza.

Nikatazama kisanduku chembamba kilichopigiliwa kwenye mwimo wa mlango wao, chenye maneno ya Mungu ndani. "Mlango wangu una kama kile!"

Akarusha dadu, akatangaza kwamba zimwi limetimua mbio. Nikapiga vigelegele.

Mama yake akatoka jikoni. "Kile si hirizi, mwanangu," akaniambia kwa upole. "Kinatukumbusha tumpende Mungu."

Niliona aibu. "Samahani, mama. Basi zimwi limeingia?"

Alifikiri kidogo, kisha akaketi nasi mkekani. "Hapana, limekimbia. Sasa na mimi niwe nani?"

Tukamfanya ng'ombe wangu. Alilia kama ng'ombe kwa bidii mpaka binti yake akashindwa kurusha dadu kwa kicheko.