Gauni la Binti wa Kijiko

Baba yangu ni fundi cherehani, na hata vitani alikuwa fundi cherehani. Naanza na hilo kwa sababu televisheni imemtangaza miaka tisa mfululizo na haijawahi kulitamka.

Alipoandikishwa jeshini waliulizwa nani anajua kazi gani. Yeye akasema kushona, wakampa cherehani ya mkono na hema lenye matundu. Vita vyote akavimalizia humo, akipunguza suruali za waliokonda na kuziba mashati yaliyotobolewa na vitu ambavyo hakupenda kuvifikiria. Bunduki alipewa pia. Anasema ilimfaa sana kwa kutundikia makoti. Leo ana miaka sabini na tisa, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kiwanda chake: cherehani mbili, pasi inayopiga shoti, benchi la wateja, na mimi binti yake wa pekee, ninayeweka vifungo na kuandika vipimo daftarini. Majina ya watu yanampotea siku hizi. Vipimo havimpotei. Mtu atamsalimia barabarani kwa furaha nyingi, Baba ataitikia vizuri tu, kisha atanigeukia aninong'oneze, "Kiuno thelathini na nane, mguu wa kulia mfupi kwa nusu inchi," nami nitamkumbusha jina.

Umaarufu wake ulitokana na ugonjwa wa macho. Miaka tisa iliyopita alikwenda uwanjani siku ya kuwakumbuka wapiganaji akiwa na mtoto wa jicho ambaye alikuwa anakataa kumpeleka hospitali. Jua lilikuwa kali, upepo unapuliza vumbi, macho yakamtiririka tangu asubuhi. Kamera ikamkuta anajifuta kwa leso wakati tarumbeta zinalia, na kufikia saa ya taarifa ya habari alikuwa ameshakuwa Shujaa Anayelia. Mama aliitazama ile picha kwa makini, akasema, "Mbona jana alilia hivyohivyo tukichambua mchele?"

Tangu hapo watu wa televisheni wakawa wageni wetu wa kila mwaka. Mtangazaji wao sisi tunamwita Bwana Simanzi. Siku nyingine zote husoma matokeo ya mpira akichekacheka, lakini ikifika siku hiyo sauti humshuka mpaka tumboni. Mwaka mmoja alikuja na bunduki ya mbao aliyoiazima kwenye kikundi cha maigizo, akamshikisha Baba. Mwaka mwingine aliuliza kama tunaweza kumvua miwani, eti inamfanya aonekane karani. Baba alikubali yote. Nilidhani uzee umemtia kupenda sifa, na kusema kweli nilimwonea aibu, mpaka nilipong'amua kwamba alikuwa anavumilia upuuzi wote huo kwa sababu ya kitu kilichokuwa kabatini.

Kabatini kuna gauni la mtoto wa miaka sita, la njano lenye vidoti vyeupe, limekunjwa ndani ya karatasi. Lina miaka arobaini na tatu. Aliyeliagiza alikuwa askari mmoja wa kikosi kilichopita kambini kwa Baba kwa muda wa wiki tatu, mtu aliyetembea na kijiko mfukoni mwa shati kwa kuogopa kula na kijiko cha mtu mwingine, basi wakamwita Kijiko, na jina jingine Baba hakulisikia. Kijiko alirudi kutoka likizo na kitambaa na uzi wenye mafundo. Alikuwa amempima binti yake akiwa amelala: fundo la kwanza mabega, la pili kifua, la tatu urefu. Alitaka gauni, akataka liwe zuri, akalilipia kabisa. Alisema atalichukua Jumamosi. Alhamisi akaondoka na msafara wa malori, na wale waliokwenda naye hawakurudi wengi, yeye hakuwamo kati ya waliorudi.

Baba alimtafuta mwenye mali. Alikwenda mara tatu kwenye ofisi inayoshughulikia wapiganaji wa zamani, akaambiwa alete namba ya jeshi ya marehemu. "Namba sina," akasema, "ila vipimo vyake ninavyo, nilimshonea shati." Karani wa pale akamwomba apishe wengine.

Kwa fundi, nguo iliyokwisha si yake. Hata mteja akichelewa miaka, haiuzwi wala haivaliwi. Mimi nimekua nikiambiwa nisiliguse gauni lile, na nililitamani mno. "Nikifa na nguo ya mteja kabatini," alikuwa akisema, "nitakuwa nimeiba." Macho yake yalikuwa yanafifia, moyo ulikuwa unamsumbua akipanda ngazi mbili tu, na hofu ya kufa na deni hilo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha raha. Kwa hiyo kila mwaka Bwana Simanzi alipokuja, Baba alimweleza habari za gauni, na kila mwaka kipande hicho kilikatwa.

"Muda unatubana, mzee wangu," Bwana Simanzi alimwambia. "Watu wanapenda ile sehemu ya machozi."

Mwaka jana, sherehe zilipokwisha, Mama alimburuta hospitali, wakamtoa yule mtoto wa jicho, na macho yake yakakauka kabisa. Akawa anaona tundu la sindano bila kuinua miwani. Kulia ikawa ndiyo basi. Mwaka huu, wiki moja kabla ya siku yenyewe, mtayarishaji wa kipindi akanipigia simu.

"Dada, mwaka huu tuko mubashara," akasema. "Tunaomba mzee awe katika hali yake ileile."

Nikamtazama Baba. Alikuwa anasikia kila neno, maana ile simu yangu inapiga kelele kuliko redio. Akaichukua.

"Nitalia, mwanangu," akasema. "Lakini gauni kwanza. Nilionyeshe, niseme maneno mawili, ndipo nilie."

Mtayarishaji akakubali. Baba alipokata simu nikamuuliza atalia na nini, atatia kitunguu mfukoni?

"Kitunguu cha nini?" akasema. "Si nitakuwa nimeshamaliza?"

Uwanjani wazee walikalishwa kwenye viti vya plastiki juani, na wageni wa heshima kwenye makochi chini ya turubai. Msichana mmoja mwenye kisikizi sikioni alipita akiwapanga upya: aliyekatwa mguu mbele, mwenye mkono mmoja mbele, wenye viungo kamili nyuma, na Baba akawekwa katikati ya safu ya kwanza kwa ajili ya macho yake. Mzee aliyekuwa mpishi wa kambi, mzima wa afya na kitambi chake, alisukumwa safu ya nne. Aliniuliza kwa sauti kama nina shoka.

Bwana Simanzi akapiga goti mbele ya Baba, kipaza sauti mkononi. "Mzee wangu, unapowakumbuka wenzako walioanguka, moyo wako unakuambia nini?"

Baba akatoa gauni kwenye mfuko, likiwa limekunjwa vilevile, akaliinua kifuani.

"Namtafuta binti wa askari tuliyemwita Kijiko," akasema. "Mama, popote ulipo, gauni lako liko tayari. Samahani kwa kuchelewa."

Akashusha mikono. Bwana Simanzi akangoja. Kamera ikasogea, ikasogea tena, mpaka nikaogopa itamgonga pua. Baba akaitazama kwa macho makavu, yametulia kabisa.

"Nimemaliza," akasema.

Mambo mawili yalitokea ambayo sisi tuliokuwa uwanjani hatukuyajua mpaka tuliporudi nyumbani. La kwanza, walipokosa machozi waliingiza ile picha ya miaka tisa iliyopita, kwa hiyo nchi nzima ilimwona Baba anaongea akiwa na koti la bluu, kisha analia akiwa na la kahawia. La pili lilikuwa baya zaidi. Mtu fulani aliyekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, ambaye nadhani hakusikiliza hata neno moja, aliandika chini ya picha: SHUJAA ANAYELIA AMTAFUTA MWANAWE ALIYEMPOTEZA VITANI.

Mama alikuwa amekaa mbele ya televisheni, mikono kifuani.

"Wewe mzee," akasema, "karibu nyumbani. Mwanao nani?"

Katika siku kumi zilizofuata walikuja wanawake kumi na mmoja kudai kwamba Baba ni baba yao. Mwanamume mmoja naye alikuja, akasema huenda watu wa televisheni wamekosea wakaandika binti badala ya kijana. Mama aliweka kigoda chake mlangoni akawa anawahoji mmoja mmoja, tarehe ya kuzaliwa na mahali. Wale waliozaliwa kabla ya ndoa yao aliwastahi, akawapa chai. Wa tano alikuwa na miaka thelathini na mitano, na hapo Mama alihesabu kwa vidole, kisha akaita ndani, "Mwaka ule uliosema unakwenda kumuuguza shangazi yako wiki tatu, shangazi alikuwa anaumwa nini hasa?"

Baba alifungua gauni mbele ya kila mmoja akamuuliza swali moja tu, kwa nini yule askari aliitwa Kijiko. Hakuna aliyejua. Baada ya yule wa kumi na moja hakuwa na utani tena. Alilala mchana mzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue, na gauni akaliacha mezani bila kulikunja. Nililikunja mimi. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, kwa sababu nilipoipigia simu televisheni kuomba wasahihishe, niliambiwa kipindi kimepata watazamaji wengi kuliko miaka yote na wananishukuru kwa ushirikiano.

Siku ya kumi na nne akaja mwanamke mnene mwenye sare ya idara ya maji, shati lenye mifuko minne, kila mfuko una kalamu au karatasi.

"Mita iko nyuma," Mama akamwambia bila kuinua kichwa. "Zunguka kulia."

"Sikuja kwa mita, mama. Haya ni mapumziko yangu ya mchana." Akavua kofia. "Nilikwenda televisheni kuomba anwani. Wamenipa kwa sharti niwangoje waje na kamera. Nimeona nitachelewa kazini."

Alisimama katikati ya chumba akamwamkia Baba, akasema hadai kwamba yeye ni mtoto wake. Ana swali tu. Lile gauni alilolionyesha lilikuwa limekunjwa, na yeye angependa kujua kama lina mifuko.

Baba aliacha kukanyaga cherehani.

"Kwa nini liwe na mifuko?" akauliza.

"Kaka zangu kaptura zao zilikuwa na mifuko, mimi magauni yangu hayana. Nilikuwa naokota mawe, sina pa kuyaweka. Nikamlilia baba. Akaniambia ataniletea gauni lenye mifuko miwili, mmoja mdogo wa karanga, na wa kulia mkubwa wa mawe." Akatazama kofia yake. "Nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kugusa kijiko chake. Hata mama."

Mimi daftari la zamani, lile Baba aliloandikia vipimo kambini, nalijua. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule toka utotoni, kwa wivu, nao umeandikwa kwa penseli: *Kijiko. Gauni la mtoto. Mifuko miwili, wa kulia mkubwa, kitambaa mara mbili, mawe.* Baba alilitoa gauni akalikunjua juu ya meza, upande wa mbele juu, na ile mifuko ikawa pale miwili, isiyolingana. Yule mwanamke aliingiza mkono katika ule mkubwa. Viliingia vidole vitatu. Akaviacha humo. Televisheni ingetoa pesa nyingi kwa chozi la Baba wakati ule, na Baba hakulitoa. Niliyelia ni mimi, tena kwa kamasi.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" mwanamke akauliza. "Mimi nakumbuka mikono tu."

Miaka tisa ya vipaza sauti, na hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Baba akakaa vizuri. Akaeleza jinsi Kijiko alivyokuwa akicheka kabla hajaufikisha utani wake mwisho, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuusikia ukiisha, na jinsi alivyokuwa akija hemani kila siku kukagua gauni, akilalamika kwamba pindo limepinda, na kweli lilikuwa limepinda. Mama alileta chai akakaa naye kusikiliza, kigoda amekisahau nje.

Ndipo gari la televisheni likasimama mlangoni. Bwana Simanzi akaingia na sauti yake ya tumboni tayari, nyuma yake mpiga picha, akatuona sote tumekusanyika, akasikitika sana kwamba tumeanza bila wao. Akamwomba mwanamke atoke nje aingie upya. Akamwomba Baba asimame aonyeshe mshangao.

"Na sasa, mzee wangu," akamalizia, "sasa nadhani unaweza kulia."

"Nina mteja," Baba akasema. "Kaeni kwenye benchi."

Wakakaa. Sijui kwa nini walitii, pengine kwa sababu benchi lile watu hulitii. Kamera ikawa mapajani mwa mpiga picha, inatazama sakafu yenye vipande vya nyuzi. Baba akavaa futi ya kupimia shingoni, akamwambia yule mwanamke asimame wima, mikono aiachie, maana gauni limembana kidogo na kazi aliyolipiwa haijakamilika mpaka mwenyewe avae. Mimi nikafungua ukurasa mpya.

"Kifua arobaini na sita," akasema, nikaandika. "Kiuno arobaini na mbili. Mfuko wa kulia mkubwa, kitambaa mara mbili."

Akapitisha futi mgongoni, akasimama hapo kidogo, kiganja chake juu ya bega la yule mwanamke.

"Bega la kushoto limeshuka nusu inchi," akaniambia, "kama la baba yake. Andika."