Pampu Iliyopiga Milipuko Kitaluni

Watu walimwita Kachero, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na mama yake. Kwa fundi huyu wa injini ndogo, mashine haikuharibika yenyewe hata siku moja. Lazima pana mkono wa mtu.

Safari hii mkono aliujua. Jumatatu aliitengeneza pampu ya petroli ya dada yake, mwenye kitalu cha miche. Alhamisi asubuhi dada akampigia simu: pampu inapiga milipuko kama bunduki, haivuti maji, na miche yote imeanza kulegea kwa jua. Aliyekuwa akiiwasha siku zote hizo ni mmoja tu, shemeji.

"Umetia nini kwenye tangi?" Kachero aliuliza alipofika kitaluni, hata kabla ya salamu.

"Petroli, shemeji. Ningetia nini tena?"

"Tutaona."

Akamimina petroli kwenye chupa, akaitazama juani. Haina maji. Plagi, kavu. Kabureta, safi. Fundi huyu kila nati akishaikaza kwa spana huipaka tone la rangi nyekundu ya kucha, ili atakayeifungua ashikwe, na matone yote aliyofikia yalikuwa mazima. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Kachero alikunja uso zaidi: rangi ya kucha si inauzwa kila duka?

"Sema tu ulichochokonoa," akasema, dada yake akisikia.

Shemeji alimtazama mkewe. Mkewe akatazama chini. Basi shemeji akachukua ndoo mbili, akaenda kisimani, na Kachero akalihesabu hilo nalo kuwa ushahidi.

Ndipo akashika puli ya mbele, ile inayozungushiwa kamba. Ikacheza, na gurudumu lililo nyuma yake likacheza nayo. Alipolivua alikuta kile kichuma kidogo kinacholishikilia kwenye shafti kimekatika nusu. Gurudumu limehama, cheche inapiga kabla ya wakati wake, lazima injini ipige milipuko. Na nati yake, iliyokaa pale nje peupe, haikuwa na tone la rangi. Jumatatu aliikaza kwa vidole, mteja akampigia simu, akasahau kuirudia kwa spana. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto.

Akatia kichuma kipya, akakaza kwa spana mpaka mkono ukauma. Mvuto mmoja tu wa kamba, pampu ikanguruma bila kukohoa.

Dada yake hakushangilia. "Nenda ukamwambie, kaka," alisema. "Mimi nimeshindwa hata kumtetea."

Alimkuta katikati ya matuta, akimwagilia mche mmoja mmoja kwa kikombe.

"Shemeji, nimekukosea. Ile nati ya mbele niliisahau mimi."

"Ile isiyo na rangi," shemeji alisema. "Niliiona tangu Jumanne."

"Uliiona? Mbona hukuniambia?"

Shemeji akainamia mche mwingine.

"Ungesema rangi nimeifuta mimi."