Msiba wa Popi

Leo nimemzika mbwa mmoja mara mbili.

Popi amekufa asubuhi. Baba akasema mbwa hazikwi, nikamtupe porini. Nikaona hapana, miaka tisa analinda ng'ombe wetu. Nikamzika kimyakimya pembeni ya shamba la pamba.

Jirani akaona tuta jipya la udongo, akapiga yowe. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakafika na marungu.

"Umemzika nani hapa?"

"Mbwa."

"Mbwa anazikwa? Haya, fukua."

Nimefukua mbele ya kijiji kizima. Wakamtazama Popi, wakaweka marungu chini, halafu wakanisaidia kumfukia.

Sasa wamejaa uani kwetu. Baba, huyohuyo wa porini, amekalia kiti, anapokea pole.

Mimi nachemsha chai. Anayejua msiba wa mbwa unachukua siku ngapi aniambie.