Mama mkwe wangu amejifungia stoo na mbwa mgonjwa

Admin, naomba usinianike. Mama mkwe hana simu ya kuingia mitandaoni lakini wajukuu wanazo, na huku Kirua Vunjo habari haikai hata nusu saa.

Nina miaka thelathini na mbili, mtoto mmoja. Nimezaliwa Majengo, nimeolewa huku juu. Mume wangu yuko Mwanza kikazi, mimi naishi kihambani, shamba la ukoo wao, na mama yake. Kwetu mjini hatukufuga mbwa, na hilo ndilo linaloniponza mpaka leo.

Hapa kuna mbwa anaitwa Tomi. Alikuwa wa baba mkwe. Mzee alipofariki tulimzika palepale kwenye migomba, na Tomi akahamia juu ya kaburi, ndipo analala. Mama anasema anamlinda mzee. Asubuhi anampelekea uji kabla sisi hatujanywa chai. Nilianza kwa kumwogopa, jamani, lakini sasa nampenda. Nikitoka sokoni ananipokea mpaka barabarani.

Walipokuja kuchanja mbwa uwanja wa kanisa, padri alitangaza misani kabisa. Nikasema nitampeleka mimi. Mama akaruka: "Thubutu! Mbwa akichomwa sindano anakuwa zoba, wezi wa ndizi watamruka tu." Akamfungia stoo ya kahawa mpaka watu wakaondoka. Mimi ni mkwe, ningesema nini?

Baadaye akapita mbwa wa kuzurura, anayumba, akamng'ata Tomi shingoni. Mama akapaka majivu, kidonda kikapona, tukasahau. Wiki hii Tomi si yule. Sauti imekauka, taya limelegea, udenda unamtoka, maji anayatazama tu. Nikampeleka mwanangu Majengo kwa bibi yake, nikampigia daktari wa mifugo. Akauliza kama alichanjwa. Nikasema hapana. Akashusha pumzi.

"Dada, hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Msimguse, nakuja. Kama kuna aliyelambwa kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, aende hospitali leo leo. Asisubiri kuumwa. Dalili zikianza, hakuna dawa."

Mama amejikata kidole na mundu akikata majani ya ng'ombe, na kwa mkono huohuo anamlisha Tomi uji kiganjani.

Nilimpigia magoti. Akanitazama kama mgeni. "Tangu lini ninyi watu wa Majengo mkampenda mbwa? Unataka waje wamuue, mzee abaki peke yake?"

Nikamwambia, basi mama, twende hospitali sisi wawili, Tomi tumwache. Hataki. Anasema akichomwa sindano yeye, atakuwa amekubali kwa mdomo wake kwamba Tomi ana kichaa, na wakisikia watakuja na marungu. Mume wangu ndiyo kabisa: "Mama amefuga mbwa kabla hujazaliwa. Usimpe presha." Mnaona nilivyo? Huku sina damu, kule sina sauti.

Leo mchana daktari alifika getini. Mama kusikia tu pikipiki, akamvuta Tomi, akaingia naye stoo ya kahawa, akakaza komeo kwa ndani. Daktari amebembeleza weee, amechoka, amekwenda kumtafuta mwenyekiti wa kijiji. Nimebaki peke yangu nje ya mlango. Nimebisha mpaka mikono inauma. Namsikia anamwongelesha Tomi Kichagga, taratibu, vile alivyokuwa akimwongelesha mzee siku zake za mwisho. Kidole hata hajakifunga kitambaa.

Ameniita sasa hivi. Nikadhani anafungua. Akasema kwa upole, "Mwanangu, tusogezee maji hapo mlangoni. Labda kwa mkono wangu atakunywa."

Ndugu zangu, ndoo ninayo hapa mkononi. Nishaurini, nifanye nini?