Mkalimani wa Lugha Moja

Mutheu hushona mapazia huko Makongeni, Thika, lakini wengi wanamjua kwa kazi yake ya Jumapili. Mchungaji wao huhubiri kwa Kikuyu, na Mutheu husimama kando yake akiwatafsiria wazee wa Kikamba waliokuja zamani kufanya kazi viwandani wakabaki hapohapo. Mchungaji akisema jambo ambalo Mutheu halikubali, yeye hulipitisha lilivyo, tena kwa nguvu ileile. Akishafika nyumbani ndipo anapoanza kulipinga, akimwambia mumewe huku anapika.

"Nikipunguza maneno yake kwa sababu siyapendi," husema, "wale wazee watakuwa wamenisikiza mimi, si yeye."

Mwaka jana, mvua ilipokuwa imekolea, mama yake, Kavata, aliteleza kwenye saruji karibu na bomba la nje akaumia nyonga. Hakuvunjika, lakini daktari alisema asitembee bila mkongojo mpaka apone vizuri. Hapo ndipo kaka zake Mutheu walipoanza kuvutana. Mwangangi, kifungua mimba, ana kazi ya ofisi na anaishi Membley, kule Ruiru. Alitaka mama ahamie kwake. Muoki, kitinda mimba, anaendesha kahoteli ka chapati palepale Makongeni, na chumba chake kinapakana na cha mama. Yeye alikataa kabisa.

Walizozana kwenye simu, wakazozana kwenye WhatsApp ya familia, mpaka wakaacha kusalimiana. Mwangangi alimwambia Mutheu kwamba Muoki anamng'ang'ania mama ili asiachwe peke yake. Muoki naye alimwambia kwamba Mwangangi anataka tu majirani wake waone anavyomtunza mama. Mutheu mwenyewe alikuwa upande wa Muoki, ingawa hakuwahi kusema. Membley ni mbali kidogo, na alizoea kupita kwa mama kila jioni.

Jumamosi moja aliwaita wote kwa mama. Akachemsha chai, akaweka mandazi mezani, akaketi katikati ya wale wawili.

"Leo mimi ni mkalimani," akasema. "Mmoja ataongea, nami nitamwambia mwenzake alichosema. Aliyesema akikubali kwamba nimemwelewa, ndipo yule mwingine anajibu."

Muoki akacheka. "Wewe Mutheu! Si sisi wote tunaongea Kikamba?"

"Mnaongea, lakini hamsikizani. Mwangangi, anza wewe."

Mwangangi alisema mengi, kuhusu ile saruji, na choo cha nje, na kwamba Muoki hushinda hotelini tangu alfajiri. Mutheu akamgeukia Muoki. "Anasema nyumba hii ni ya hatari na wewe humwangalii mama."

"Hapana," Mwangangi akamkatiza. "Sikusema hamwangalii. Nimesema mchana hakuna mtu hapa. Akianguka saa nne, nani atajua?"

Mutheu aliona haya. Hakuwa amekosea kusikia. Alikuwa amelitia jambo hilo ukali wake mwenyewe. Akarudia upya, polepole, na Mwangangi akatikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza tangu mama aanguke, Muoki akakubali jambo la kaka yake. Ni kweli mchana hakukuwa na mtu.

Kisha Muoki akaeleza yake. Alisema mzee akitolewa kwake hufa haraka. Mama Ndanu wa ploti ya pili alipelekwa kwa binti yake Githurai, na hakumaliza miezi mitatu.

Mutheu akayapitisha maneno yale yote, na Muoki akakubali kwamba ndivyo alivyosema. Kabla Mwangangi hajajibu, Mutheu akauliza, kwa upole, "Muoki, Mama Ndanu alipelekwa Githurai kwa nini?"

"Alikuwa mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Ile kansa. Madaktari walikuwa wameshasema."

"Basi Githurai ndiko kulikomuua?"

"Hapana," akasema Muoki. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema kile alichokuwa hajakisema kwa simu wala kwa maandishi. "Mimi naogopa tu nitarudi jioni nikute mlango umefungwa. Nimezoea kumsikia akikohoa upande ule."

Mwangangi akamsogezea ndugu yake sahani ya mandazi.

"Na mimi nani atanitafsiria?" Mama Kavata akauliza kutoka kwenye kiti chake, na wote wakashtuka kwamba hawakuwa wamemuuliza kitu. Alisema hana neno na Membley, ila hataki kuitwa mgonjwa. Alianguka kwa sababu patipati zilikuwa zimeisha soli, basi. Anunuliwe nyingine na mambo yataisha.

"Mwaitu," Mutheu akamwambia mama yake, "mwezi ule kabla hujaanguka si uliyumba pale posho mill ukisubiri unga, ukashikwa na watu? Na siku hiyo ulivaa viatu vya kanisa."

Mama akakunja uso. "Nani amekuambia?"

"Wewe mwenyewe."

"Mdomo wangu," mama akasema, na hata Mwangangi akacheka mpaka chai ikamwagika.

Basi wakazungumza kama watu wa nyumba moja. Mutheu alimkumbusha Mwangangi kwamba nyumba yake ina ngazi, na vyumba vyote vya kulala viko juu. Mwangangi akakiri kwamba hilo hakuwa amelifikiria, na wakapatana mama aende huko kwa muda tu. Aliporudi Ruiru, yeye na mkewe wakageuza chumba cha wageni cha chini kuwa cha kulala. Mama akahamia humo hadi nyonga ipone, na Muoki akawa akifunga hoteli mapema Jumatano ili ampelekee chapati na umbea wa Makongeni. Nyumbani nako akavunja ile saruji, akaimwaga upya ikiwa na mikwaruzo isiyoteleza, akafunga pia chuma cha kushikia.

Mama alirudi Makongeni baada ya mavuno. Daktari alikuwa amegundua kwamba presha yake ndiyo iliyokuwa ikimpa kizunguzungu, na dawa zikamsaidia. Binamu mmoja kutoka Yatta, Ndinda, alikuja kukaa naye mchana. Mama anasema Membley ni pazuri ila watu wake wanasalimiana wakiwa ndani ya magari, naye huenda huko shule zikifungwa ili akae na wajukuu.

Mutheu bado husimama kando ya mchungaji kila Jumapili. Krismasi iliyopita familia yote ilikula kwa mama, na Mwangangi na Muoki wakabishana mchana kutwa kama muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, unapikwa na maharagwe ama mbaazi. Walimwita awaamulie. Mutheu akajipakulia sahani ya pili, akaenda kuketi kivulini na mumewe.