Mrija Uliofutwa kwa Kitambaa

Juzi mjukuu wangu alinipeleka mtaa wa Kimironko, ambako chama chao cha muziki kilikuwa kinawatuza walimu na wafadhili wake. Kibuyu cha pombe ya ndizi kilipofunguliwa, harufu ilinipanda puani nikataka kutapika.

Ilinikumbusha siku moja nilipokuwa mtoto. Mwalimu aliyetufundisha kuimba alikuwa anatuzwa pamoja na tajiri aliyetununulia ngoma. Majina yao nayakumbuka yote mawili, lakini siyaweki kwenye karatasi. Kwa desturi yetu, wanaotuzwa walikunywa kibuyu kimoja kwa mrija mmoja, mbele ya watu wote.

Mwalimu alianza. Zamu ya tajiri ilipofika, akatoa kitambaa mfukoni. Ni kile kile alichokuwa anapengea kamasi tangu asubuhi, kimekakamaa, cheusi kwa ugoro. Akafuta mrija nacho.

“Nyie waimbaji muna mate mengi,” akasema. Wanaume wakacheka.

“Mama wee, kamasi yote imebaki pale,” shangazi yangu, aliyeketi kando yangu, akanong'ona.

Tajiri akanywa, akamrudishia mwalimu. “Maliza, Mwarimu. Ama hutaki tena ngoma zangu?”

Mwalimu alitutazama sisi wanafunzi wake. Pembeni mwa mrija uzi wa kamasi ulikuwa unaning'inia. Akanywa, akameza, akainama kushukuru.

Watu wakashangilia. Mimi mikono yangu ikabaki mapajani.

“Piga makofi, mwanangu,” mama akasema bila kunitazama. “Ngoma ni zetu sasa.”