Udongo wa Mahali Pasipo na Mti

Kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo ilikuwa kuchota udongo. Nilikuwa nimekaa nyumbani Wabera, mjini Isiolo, karibu miaka miwili, nikiwa na shahada inayohusu viumbe wasioonekana kwa macho, na majirani walikuwa wameacha kuniuliza habari za kazi. Niliona hilo ni baya kuliko kuulizwa. Kisha mhadhiri wangu wa zamani akanipigia simu. Alitaka udongo wa mizizi ya hagar, ile miti ya jamii ya manemane inayotoa gundi yenye harufu upande wa Garbatulla. Mkataba ulikuwa wa mwezi mmoja. Sampuli zikiwa nzuri, alisema, tutazungumzia mkataba wa mwaka. Hakusema zikiwa mbaya tutazungumzia nini, kwa hiyo hilo nililifikiria mwenyewe, siku nne.

Alichotaka kujua hakikuwa kigumu. Hagar huota mahali ambapo mvua ni ya kusikia tu kwa wengine. Huko chini mizizi yake huvilisha vijidudu sukari kidogo, navyo huusaidia mti kupata chakula kwenye udongo ambao ukiuangalia hauna chakula. Je, mti hujichagulia vijidudu vyake, au huvipokea tu vilivyopo? Ili kujibu ilibidi nichukue mifuko sita ya udongo wa mizizini na mifuko sita ya mahali wazi pasipo na mti, ilinganishwe. Bila ile sita ya pili, sita ya kwanza haisemi lolote.

Aliyenionyesha miti ni mama mmoja wa rika la mama yangu, ambaye huokota gundi hiyo na kuileta sokoni Isiolo. Tulisalimiana salaam aleikum, tukaulizana hali ya nyumbani, ya mifugo na ya mvua, kisha akasimama kunitazama nikivaa glavu na kupangusa kikoleo changu kwa spiriti.

"Unaogopa mchanga?" akauliza.

Nilimweleza kwamba glavu si za kunikinga mimi na udongo, ni za kuukinga udongo na mimi. Alifikiria kidogo, akasema hata yeye angekuwa mchanga angetaka hivyo.

Mizizi ya hagar iko ndani ya ardhi ngumu kama sakafu. Mifuko sita ilinichukua asubuhi nzima na malengelenge mawili. Ndipo nikamwomba anipeleke mahali pasipo na miti. Akatembea mbele yangu hadi kwenye uwanja mpana, mtupu, usio na hata kichaka. Kikoleo kiliingia kama kwenye ugali. Udongo ulikuwa mweusi kidogo, laini, na mifuko sita ikajaa kabla jua halijahama. Nilimshukuru Mungu. Kati ya mambo yote ya siku ile, hilo ndilo pekee ambalo sikulifikiria mara mbili.

Mengine yote niliyafikiria. Nyumbani mifuko ilikaa kwenye friji yetu, na mama akaniuliza kama vijidudu hivyo viko hai. Nikasema viko hai. Akauliza ni vingapi. Nikasema katika mfuko mmoja ni vingi kuliko watu wa Isiolo. Jioni hiyo maziwa ya ngamia yakahamia friji ya jirani, na kesho yake nyama ikayafuata. Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Niliwaza kama jasho langu liliingia kwenye mfuko wa tatu. Niliwaza kama spiriti haikukauka vizuri, nikawa nimeua vijidudu nilivyokuwa nimeenda kuvitafuta. Nilifungua friji mara nyingi kuhakikisha haijapata joto, mpaka mama akasema inapata joto kwa sababu naifungua.

Sampuli zilitakiwa kupanda basi la Nairobi Jumatatu asubuhi. Jumapili, baada ya alasiri, niliona mfuko wa tisa umetoboka kwenye kona, nikauweka juu ya meza ili nihamishie udongo kwenye mfuko mwingine. Wakati huohuo mjomba akaingia. Mjomba ni mfanyabiashara wa mbuzi na maisha yake yote yamepita kwenye mnada wa Garbatulla na barabara ya kwenda huko. Alitoa salamu, akaketi, akachovya vidole viwili kwenye mfuko wangu na kunusa.

Nilikuwa bado nahesabu vijidudu vya vidole vya mjomba aliposema, "Umetoa wapi hii boma?"

Nikamwambia si boma, ni mahali wazi. Akanusa tena.

"Ni boma ya mbuzi. Ya zamani, hata samadi imekuwa mchanga. Lakini walikaa hapo miaka." Akajifuta kwenye kanzu. "Walikuwa wengi. Mtu huyo alikuwa na mali."

Nilimpigia simu yule mama. Baada ya salamu, nikamuuliza kwa upole kama ule uwanja uliwahi kuwa na boma.

"Ya baba yangu," akasema. "Mimi nilizaliwa hapo."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Wewe uliuliza mahali haina miti. Nikakupeleka. Uliona mti?"

Sikuona mti.

Niliketi sebuleni na mifuko kumi na miwili. Mahali pangu patupu palikuwa pamelishwa samadi miaka mingi kuliko umri wangu. Vijidudu vyake vingekuwa vimejaa kuliko vya mti wowote. Mhadhiri angesoma matokeo, angeandika kwamba mizizi ya hagar haina cha pekee, na asingejua kamwe kuwa alikuwa akilinganisha mti na mbuzi. Nikinyamaza, sampuli zilikuwa safi, zimepoa, zina lebo nzuri, na mkataba wa mwaka ungekuja. Nikisema, nilikuwa mtu aliyepewa kazi ya kutafuta mahali pasipo na kitu akashindwa.

Niliandika ujumbe nikaufuta. Niliandika mwingine unaoeleza historia ya ufugaji. Mjomba alikunywa chai yake, akasema boma ile ingefaa sana sukumawiki, akaondoka. Mama alikuwa hapo muda wote akichambua mchele.

"Umemuuliza mama wa gundi, umemsikia mjomba wako," akasema. "Mwenye kazi hujamuuliza."

Nikampigia. Nilieleza yote bila kupumua, pamoja na malengelenge, ambayo hayakuhitajika. Upande wa pili kulikuwa na kimya kirefu. Nilikitumia kujiona nikiuza mitungi ya maji. Kumbe alikuwa anatafuta kalamu. Akaniambia sampuli za mizizi nizitume, za boma nizihifadhi, nirudi nichukue sita mpya kabla ya Alhamisi, na safari hii niandike palikuwa na nini zamani. Kuhusu mkataba hakusema. Sikuuliza. Nikazirudisha za boma kwenye friji. Mama akaangalia mlango wa friji ukifungwa.

Jumanne tulirudi na yule mama. Kila tulipofika mahali wazi nilimuuliza palikuwa na nini. Pa kwanza ngamia walikuwa wakilala wakingoja zamu ya kisima. Pa pili kulifanyika harusi ya shangazi yake, wakachinja sana. Pa tatu alipita bila kusimama, akasema kuna watu wamezikwa. Pa nne lori liliharibika na watu wakakaa wiki mbili. Niliandika yote. Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka tulipofika kwenye kipande cha ardhi chekundu kilichopasuka, ambacho ningeapa tulikipita asubuhi.

"Hapa?" nikauliza.

"Hapa hapakuwa na kitu," akasema. "Ndiyo maana sikukuleta."

Nilivaa glavu, nikapangusa kikoleo, nikachimba. Kikapinda kwenye mfuko wa kwanza. Akanipa panga lake la kuondolea miiba, akakaa chini kunitazama nikilipangusa kwa spiriti pande zote mbili, kisha mpini.

"Mwakani ukija, leta sururu," akasema.

Nikamwambia habari ya mwakani sijui, itategemea.

"Sawa," akasema. "Hii mahali haiendi popote."